Kabla ya Kupuliza Dawa: Maswali Yenu Kuhusu Vidudu vya Uani

Mvua zimeanza, na maswali yaliyotufikia kutoka Dar es Salaam yanaishia pamoja: "Nipulize dawa gani?" Sisi tunaanza na swali lililotangulia hilo, yaani uliyemwona ni nani. Dawa ya sisimizi haimtoi kidung'ata, yule mdudu mdogo mfyonza utomvu mwenye koti la nta, na kadhaa kati ya waliotajwa humu hawastahili dawa hata tone.

SWALI: Nafundisha darasa la tano. Watoto wananiletea vidudu kwenye vifuniko vya chupa, nami nachoka kuwajibu "ni mdudu" kila siku. Nianzie wapi kuwatambua? (Mwalimu, Kigamboni)

JIBU: Anzia miguuni, mwalimu. Miguu sita ni mdudu kamili: chungu, mende, mbawakawa, kipepeo, mbu. Miguu minane ni ukoo wa buibui, na humo wamo kupe, utitiri na nge. Miguu mingi kuliko hiyo, mara nyingi ni jongoo au tandu. Asiye na mguu hata mmoja huwa konokono, nyungunyungu au buu la nzi.

Hesabu hiyo ina mitego. Nge huonekana ana miguu kumi kwa sababu watoto huhesabu na koleo zake mbili za mbele. Kiwavi ana miguu sita halisi karibu na kichwa, ile ya nyuma ni vinyama tu vya kushikilia jani. Mtoto wa kupe aliyetoka kwenye yai ana miguu sita, na hupata minane baada ya kujivua ngozi mara ya kwanza. Kwa hiyo kadudu kadogo, bapa, kenye miguu sita kwenye sikio la mbwa bado kanaweza kuwa kupe.

Baada ya miguu tazama kiuno, kisha mabawa: ni mangapi, na je, yanalingana? Halafu vipapasio vya kichwani: vimenyooka au vina kiwiko? Mambo hayo manne yanatosha kumpeleka mdudu kwenye ukoo wake.

Picha nzuri itakusaidia kuliko kumbukumbu. Mtie mdudu kwenye kopo lenye kifuniko, uliweke kwenye friji, sehemu ya chini wala si kwenye barafu, kwa dakika 5 hadi 10. Atapoa na kutulia, kisha ataamka mwenyewe. Mweke kwenye sahani nyeupe kivulini, pembeni yake laza rula. Piga picha tatu: juu, ubavuni na usoni. Usiisogeze simu hadi ikamgusa, kwani kamera nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho karibu mno. Rudi nyuma kidogo, kisha vuta picha kwa vidole.

Wenye mwili laini, kama viwavi na buibui, wakikaushwa hunywea wasitambulike. Watie kwenye spiriti ya asilimia 70. Ukikosa, jeli ya kutakasia mikono yenye alkoholi inafaa, na uzito wake humshikilia mdudu katikati ya chupa asizame. Piga picha kwanza, maana rangi huchujuka humo. Karatasi ya tarehe, mahali na mmea aliokutwa nao iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani. Ukiandika kwa kalamu ya wino, spiriti itaufuta.

SWALI: Tofauti ya jongoo na tandu ni nini? Mke wangu anawaua wote. (Msomaji, Kimara)

JIBU: Jongoo ana jozi mbili za miguu katika kila pingili, mwili wa mviringo, mwendo wa taratibu, na ukimgusa anajikunja. Hula majani yaliyooza na hang'ati. Wale wakubwa wa Pwani hupita sentimita 20. Madhara yake ni majimaji ya kahawia au njano anayoyatoa akiudhiwa: hubakiza doa kwenye ngozi kwa siku kadhaa na huwasha vikali machoni. Mtoto aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kujigusa uso.

Tandu ni bapa, ana jozi moja tu kwa kila pingili, na miguu yake imetanuka pembeni. Anakimbia. Anauma kweli, kwa jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka kuwa meno ya sumu chini ya kichwa, wala si kwa ile miguu mirefu ya nyuma inayofanana na mkia. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni, awekewe kitambaa cha baridi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Mwambie shemeji yetu jongoo amtoe kwa ufagio tu, anamsaidia kutengeneza mboji.

SWALI: Simtanki letu lina vitu viwili. Juu kuna vinavyochezacheza na kuzama ukipiga kivuli. Chini, kwenye tope, kuna minyoo myekundu kama damu, na juzi mmoja alitokea bombani. Tunaogopa kuwa watoto wamepata minyoo. (Mama wa familia, Mbagala)

JIBU: Mama, hao wekundu si minyoo ya tumbo na hawaishi ndani ya mtu. Ni watoto wa kinzi kinachofanana na mbu lakini kisichouma, kwa kuwa hakina ule mdomo mrefu wa kufyonzea. Wekundu wao ni himoglobini, kama ya damu yetu, nayo huwasaidia kupata hewa kwenye tope lisilo na hewa ya kutosha. Wanaishi humo wakila uchafu uliotuama. Maji yakikaribia kuisha, tope linatibuka na ndipo wanapotokea bombani. Kuwepo kwao kunakuambia mambo mawili: tangi lina tope, na lina upenyo wa kuingilia.

Wa juu ndio wa kuwashughulikia leo, kwa sababu ni viluwiluwi vya mbu. Chota maji kwa kikombe cheupe, uache yatulie kwa dakika moja, kisha utazame vinavyokaa. Vikilala sambamba na uso wa maji, ni vya Anofelesi, mbu wa malaria. Vikining'inia kichwa chini huku mrija wa mkiani ukigusa juu, ni vya Aedesi au vya Kuleksi. Mrija mfupi na mnene ni wa Aedesi, mwembamba na mrefu ni wa Kuleksi. Kwenye matangi, ndoo, matairi na vifuu vya nazi vya Dar es Salaam, mshukiwa wa kwanza ni Aedesi, mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni ambaye huuma mchana. Huyo ndiye aliyeeneza homa ya dengue katika milipuko ya mwaka 2014 na 2019 jijini. Kuleksi hupenda maji machafu ya mashimo ya vyoo na mitaro, na mayai yake huelea yakiwa yameshikana.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kumwaga maji, kujaza mapya na kuamini kazi imekwisha. Aedesi hatagi majini. Hutaga yai mojamoja kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yalipofika, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, maji yanayafikia na yanaanguliwa. Kwa joto la Dar es Salaam, siku 7 hadi 10 zinatosha kutoka yai hadi mbu anayeruka.

Basi fanyeni hivi. Tumieni maji mpaka yabaki kama sentimita 10. Sugueni kuta kwa brashi ngumu, hasa ile mistari ya maji ya zamani, mkianzia juu kushuka. Fungueni tundu la chini mtoe maji na tope lote, suuzeni, kisha mtoe tena. Fungeni kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili kwenye bomba la kufurikia na kwenye tundu la hewa, mkikaze kwa utepe wa mpira wa baiskeli, na mhakikishe mfuniko umekaa bila mwanya. Ndoo na mapipa ya wazi yasuguliwe kila wiki. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa, hilo halina uhusiano na wadudu hawa.

SWALI: Mvua ya kwanza tu, taa ya kibarazani ikajaa wadudu wenye mabawa. Wengine wanasema kumbikumbi, wengine wanasema siafu. Nyumba yangu ina dari ya mbao. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Mokote mmoja mzima umtazame ubavuni. Kumbikumbi, yaani mchwa mwenye mabawa, hana kiuno: kifua na tumbo vimeungana moja kwa moja. Mabawa yake manne yana urefu mmoja na yanamzidi mwili, na vipapasio vimenyooka kama uzi wa shanga. Chungu mwenye mabawa ana kiuno chembamba, mabawa ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, na vipapasio vyenye kiwiko. Asubuhi, rundo la mabawa matupu mlangoni ni la kumbikumbi, kwani huyapukutisha wenyewe wakishatua.

Yupo wa tatu anayewatisha watu: mkubwa, wa kahawia, mwenye tumbo refu nene kama soseji, anayegongagonga taa kwa kishindo. Huyo ni dume la siafu. Hana mwiba.

Kumbikumbi waliotoka ardhini uani na kufuata taa si hatari kwa dari yako. Wengi wataishia midomoni mwa mijusi, ndege na kuku. Zima taa ya nje kwa saa moja au mbili na watapungua. Ila kama wametokea ndani, kwenye ufa wa ukuta, kwenye fremu ya mlango au darini, basi mchwa tayari wana makao humo, na hapo ndipo fundi wa dawa ya mchwa anahitajika. Kagua njia za udongo zinazopanda ukutani kutoka chini. Bomoa kipande cha sentimita 5 katikati ya njia, uache siku 3. Kikizibwa, wapo kazini. Kisipozibwa, kagua njia nyingine kabla ya kutulia, kwani huwa wanahama njia moja na kubaki na nyingine.

SWALI: Mpapai wangu umejaa pamba nyeupe chini ya majani na kwenye matunda, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nimepulizia sisimizi dawa mara kadhaa, pamba ndiyo kwanza inazidi. Majani ya chini yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi. (Msomaji, Goba)

JIBU: Hao ni vidung'ata. Pamba ni nta wanayojifunika, na ndani yake wamo majike na mifuko ya mayai, kila mfuko una mayai mamia. Kuthibitisha kama ni kidung'ata wa mpapai, mbonyeze mmoja kwa ncha ya kijiti: majimaji yake ni ya njano. Watie wengine kwenye spiriti, na baada ya siku moja au mbili watageuka rangi ya bluu inayoelekea weusi. Jaribio hilo ni rahisi na linawatenga na vidung'ata wa aina nyingine nyingi.

Kidung'ata anafyonza utomvu na kutoa majimaji ya sukari. Yakidondoka kwenye majani ya chini huota ukungu mweusi, ndiyo hayo masizi unayoyaona. Sisimizi wamefuata sukari hiyo, na wanailinda kwa kuwafukuza wadudu wanaowala vidung'ata. Dawa uliyopuliza iliua sisimizi wa siku ile, lakini iliua pia hao walaji, huku vidung'ata wakibaki salama ndani ya nta. Wewe umewaondolea adui, ndiyo maana wameongezeka.

Kata majani yaliyoshambuliwa sana, uyatie palepale kwenye mfuko wa plastiki, funga, uuache juani siku kadhaa. Usiyaburuze uani, maana watoto wa vidung'ata ni wadogo kama vumbi na hupukutika njiani. Yaliyobaki yapige kwa maji ya mpira wa bustani, ukilenga chini ya jani. Kisha zuia sisimizi: zungushia shina kitambaa cha upana wa sentimita 10, juu yake plastiki, juu ya plastiki paka grisi. Usipake grisi kwenye gome moja kwa moja, la mpapai ni laini na huungua. Angalia pia jani lisiguse ukuta au mti wa jirani, kwani sisimizi hawahitaji daraja zaidi ya hilo.

Mwisho, sabuni. Changanya vijiko 2 vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji. Jaribu kwenye jani moja, usubiri siku nzima. Lisipoungua, nyunyiza mti wote jioni mpaka vidung'ata walowe, kwa sababu sabuni humuua yule tu aliyelowa. Rudia kila siku 7, mara 3 au 4, ili kuwapata wanaoanguliwa. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie, inaunguza. Na hapa ndipo wengi wa Goba, Kigamboni na kwingineko wanapokwama: maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni isipotoa povu na ikaganda mabonge, haifanyi kazi hata ukizidisha kipimo. Tumia maji ya mvua au ya bomba.

Kabla ya kunyunyiza, tafuta ndani ya pamba hiyo kiumbe kikubwa kidogo kuliko wenzake, chenye nyuzi ndefu za nta na kinachotembea haraka. Kidung'ata mzima anajikokota kwa shida. Anayekimbia ni mtoto wa mbawakawa wa duara, na chakula chake ni vidung'ata. Ukiwaona kadhaa kwenye jani moja, jani hilo usilinyunyize.

Kama una mwembe wenye chungu wekundu walioshona majani kwa nyuzi, hao ni majimoto. Wanauma, lakini huwinda wadudu waharibifu, na wakulima wa mikorosho na minazi wa Pwani wanawafahamu kwa faida hiyo. Waacheni, mradi njia ya watu haipiti chini yao.

SWALI: Nimeamka na mstari mwekundu shingoni, kesho yake umekuwa malengelenge. Jirani anasema nimekojolewa na buibui, mwingine anasema mkanda wa jeshi. (Msomaji, Sinza)

JIBU: Buibui hakojolei watu hivyo. Ukiwa na taa nyeupe na dirisha lisilo na wavu, mtuhumiwa wetu wa kwanza ni mbawakawa mwembamba wa milimita 7 hadi 10 anayeitwa nzi wa Nairobi, ingawa si nzi. Mtambue kwa mikanda: kichwa cheusi, kifua chekundu, mabawa mafupi yenye mng'ao wa bluu au kijani, kisha tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Anatembea akiinua tumbo kama nge.

Haumi wala hachomi. Sumu imo kwenye damu yake, nawe huipata unapompondaponda kwenye ngozi. Muwasho huja baadaye, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu humkosa mhusika. Mkanda wa jeshi, kwa kawaida, hutanguliwa na maumivu ya siku kadhaa na hufuata upande mmoja wa mwili. Huu huwa mstari mahali mkono ulipoburuza, na kwenye kiwiko malengelenge hujichapa pande zote mbili za mkunjo. Huwezi kumaliza ubishi huo kwa macho peke yake, kwa hiyo maumivu yakikuzidi, mwone daktari.

Akikutua, mpulize kwa pumzi au mpandishe kwenye karatasi. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mengi palepale, na mikono usiipeleke machoni. Jicho likiguswa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Foronya na taulo zifuliwe.

SWALI: Kwenye ufa wa ukuta wa nyuma pametokea kijibomba cha nta, na vinzi vyeusi vidogo vinaingia na kutoka. Jioni vinanifuata machoni. Nipulize? (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Tafadhali usipulize. Hao ni nyuki wadogo wasiouma, wa milimita 2 hadi 4. Kijibomba ni mlango wao, nao hulindwa na nyuki wachache wanaochungulia. Kaa pembeni asubuhi utazame miguu ya nyuma ya wanaorudi: utaona vidonge vya chavua, vya njano au vyeupe, ambavyo nzi hana. Machoni wanafuata unyevu na chumvi. Wanasumbua, lakini hawana mwiba wa kuchoma, na wanachavusha maua ya bustani yako. Kama ukuta unahitaji lipu, acha nafasi ya upana wa kidole kuzunguka kijibomba.

SWALI: Vifuko vidogo vya kijivu, kama mbegu bapa ya boga, vimening'inia kwenye kuta za baraza. Vingine vinatembea! (Msomaji, Ilala)

JIBU: Ndani yake mna kiwavi wa nondo mdogo. Amejishonea mfuko kwa hariri na chembe za mchanga, ulio wazi ncha zote mbili, hivyo anaweza kugeuka na kutokea upande wowote. Anakula utando wa buibui wa zamani, nywele, vumbi la sufu na wadudu waliokufa. Fagia pembe za dari na nyuma ya makabati mara kwa mara, basi.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba anataka kujua kinachoishi kwenye vishimo vya mchanga mkavu chini ya ukingo wa paa. Anaweza kukifuga? (Baba, Chanika)

JIBU: Anaweza. Ni mtoto wa mdudu anayekuja kufanana na kereng'ende. Anachimba kishimo cha umbo la faneli kwa kurudi nyuma akizunguka, kisha anajizika chini kabisa na kuacha taya tu. Sisimizi akiteleza ukingoni, hurushiwa mchanga kwa kichwa ili aporomoke. Mtoto wako apitishe kijiko cha chakula chini ya kishimo, kina cha sentimita 3, amwage kwenye chujio la chai na kutikisa. Kitakachobaki kama kijiwe chenye nywele ndicho chenyewe. Kitajifanya kimekufa, mpe dakika.

Kiwekwe kwenye bakuli lenye mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 5, mahali pasipo na jua kali wala mvua. Mchanga wenye unyevu au wa chembe kubwa hauporomoki, kwa hiyo hakitachimba. Sisimizi mmoja kwa siku mbili anatosha, na hata kikikosa chakula kwa wiki kadhaa hakifi. Viwili visikae bakuli moja, vitalana. Siku kishimo kitakapotoweka na ndani pakawa na kidonge cha mchanga kilichoshikana, asikivunje. Asimamishe kijiti cha sentimita 15 kando yake, maana mdudu akitoka hupanda juu kunyoosha mabawa, na akikosa pa kupanda hukauka yakiwa yamekunjamana na hataruka.